Mjusi Apata Neno Lake

Zamani kila mnyama alikuwa na neno la mwendo wake. Swala alitimka, farasi alipiga mbio, na Mjusi, wakasema, anatambaa tu.

Siku moja Paka alimkanyaga mkia.

"Kimbia basi, mtambaaji wewe! Au niombe radhi, nikumeze taratibu."

"Siombi!" Mjusi akafoka. "Shika sana hicho ulichoshika."

Papo hapo akauachia mkia ukakatika, akapanda ukutani. Paka akabaki akiukodolea macho mkia unaorukaruka chini ya kucha zake.

"Amechoropoka!" kuku wakashangilia. Tangu hapo, kila amponyokaye mwenye nguvu hupewa neno hilo la Mjusi.

"Mkia wangu utaota tena," Mjusi alisema kutoka darini. "Wewe mwenye mbio, leo umekula nini?"