Milia ya Watu Mia Mbili

Saumu, mtafiti wa vinasaba, alikuwa ameshaikunjua karatasi ndefu ya majibu barazani ndipo akagundua kosa lake. Programu ya kompyuta ilikuwa imechora milia yote vizuri, buluu, njano na nyekundu, ila majina ya mitaa hayakutoka. Alisahau kubofya kisanduku kimoja tu.

"Kila mlia ni mtu mmoja kati yenu mia mbili mliotoa mate ya kupimwa," alisema, akijikaza. "Rangi ni asili za mababu zake. Watu wa Mtaa wa Juu wako upande mmoja, wa Mtaa wa Chini upande wa pili."

Mzee Kibwana wa Juu alikuwa ameapa hamwozeshi bintiye kwa watu wa Chini mpaka kipimo kiseme. Akavaa miwani, akapitisha kidole polepole.

"Sisi ndio hawa," alisema kwa fahari. "Oneni damu ilivyotulia!"

"Hao ni sisi," akadakia Bi Mashavu wa Chini, mama wa kijana aliyeposa. "Hebu igeuze."

Wakaigeuza. Rangi zilezile tatu, huku na huku, zimechanganyika kama kitenge.

"Mjukuu wangu, sema wewe," Mzee Kibwana akamgeukia Saumu. "Juu ni wapi?"

"Hata mimi sijui, babu. Mpaka nirudi kwenye kompyuta."

Mzee Kibwana aliitazama tena ile milia. Kisha kicheko kikampasuka, miwani ikamdondoka.

"Basi usirudi!"

Upepo ukainyanyua karatasi. Mzee akadaka ncha moja, Bi Mashavu akadaka nyingine, na huku wameishikilia hivyo, wakaanza kubishana pilau ya harusi ipikwe kwa nani.