Kampuni Inayoongeza Watu

"Wewe nenda kanywe chai," mwokaji mikate alimwambia mkurugenzi, ndani ya kampuni ya mkurugenzi mwenyewe. "Nataka kuongea na watu wako peke yao."

Mkurugenzi, kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama kama kisu, alicheka, akatoka, akafunga mlango taratibu.

Hivyo ndivyo mwokaji alivyopima biashara kabla ya kuweka fedha yake. Maisha ya kukanda unga yalimfundisha kwamba bosi husifu mkate, lakini ajuaye kama una mchanga ni yule anayechekecha. Sasa mgongo ulikuwa umekataa kuinama. Alikuwa ameuza tanuri, meza, hata jina la duka. Fedha aliyopata ndiyo iliyobaki ya uzeeni, yake na mkewe, iwafikishe kaburini bila kumpigia mtu magoti. Hakuwa tayari kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kampuni hii, walisema, ilitengeneza programu ya kuunganisha kompyuta: benki na matawi yake, hospitali na wodi zake, zote zizungumze kama zimo chumba kimoja. Njia moja ikikatika, programu inajitafutia nyingine. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefanya kazi hapa, ndiye aliyemweleza hayo, wiki nzima, chakula kikipoa mezani.

"Ila usiwaamini haraka, shemeji," alimwambia. "Waulize mpaka wachoke."

Basi akawauliza. Alianza na mama wa mapokezi, mnene, mwenye viatu vyeupe vya wodini.

"Mama, ulikuwa muuguzi?"

"Mpaka nilipostaafu."

"Huku umefuata nini?"

"Akiba yangu yote nimeiweka humu, baba. Siondoki hata wanifukuze."

Mwokaji alilipenda jibu hilo. Mfanyakazi akitia jasho lake mwenyewe kwenye tanuri la bosi, tanuri hilo halizimiki leo wala kesho.

Dirishani alikaa mzee aliyewahi kuwa dereva wa lori. Kazi yake, alisema, ni kupokea simu za wateja.

"Kazi inakua, au mnapakana mafuta tu?"

"Inakua? Mwaka jana tulikuwa watatu humu. Hebu tazama!"

Mwokaji akatazama. Viti vimebanana, meza moja inatumiwa na watu wawili, na pembeni kiti kipya kabisa, bado kimevikwa nailoni.

"Na akija mshindani mwenye bei ya chini?"

"Anachofanya bosi wetu," alidakia binti mmoja, "sijaona wa kumshinda." Mtu nyuma alicheka kwa pua. Muuguzi akamkata jicho, kicheko kikafa.

Dukani kwake, ikifika alasiri, vijana walikuwa hawabanduki macho kwenye saa ya ukutani. Hapa hakuna aliyeitazama saa. Wote walimtazama yeye, kimya, kama watu wenye njaa wanavyosubiri sufuria ichemke.

Wana ari hawa, alijisemea.

Mkurugenzi aliporudi, alimkuta mgeni wake ameshavaa miwani. Mwokaji akatia sahihi, akabonyeza simu, fedha ikaenda. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. Haukupita muda simu ya shemeji nayo ikalia. Akaisoma mara mbili. Akavua kitambulisho shingoni, akakilaza mezani, akashuka ngazi bila kuaga.

"Huyu naye anakimbilia wapi?" mwokaji aliuliza, akicheka. "Hata soda hatujanywa!"

Mkurugenzi alikuwa ameshaingia chumba cha ndani na kugeuza ufunguo. Muuguzi alikivuta kile kiti kipya, akakichana nailoni.

"Kaa, baba. Programu hakuna. Sote humu tuliweka fedha kama wewe. Anayeleta watu wawili ndiye anayerudishiwa yake. Wewe ni wa pili wa shemeji yako, naye keshapata."

"Nakwenda polisi."

"Nenda. Yule atatokomea, na zetu zote zitatokomea naye." Watu wawili walikuwa tayari wamesimama mlangoni. "Unadhani wewe ndiye wa kwanza kulifikiria hilo?"

Mwokaji alikaa. Alimfikiria mkewe, ambaye saa hizi pengine alikuwa akiwasimulia majirani jinsi mdogo wake alivyowafungulia njia. Alilia kidogo. Walimwachia nafasi ya kulia. Kila mmoja wao alikuwa ameachiwa yake.

Kisha dereva akamsogezea simu ya mezani.

"Una nani?"

Mwokaji alijifuta uso kwa kiganja, akanyanyua mkonga wa simu.

"Nina dada," alisema. "Mjane. Ananiamini sana."