Vigoda Mlangoni pa Mwenyekiti

Halmashauri ilipolizungushia bwawa seng'enge ili wavue wageni wa hoteli tu, Bi Zamoyoni aliwakusanya wenzake waliozoea kuvua hapo kwa mshipi kujifurahisha, wakaenda kwa mwenyekiti, kila mtu na kigoda chake.

"Yuko kikaoni, subirini," karani alisema, akijua watachoka wajiondokee.

Maskini, hakujua anawaambia nani! Hawa huketi tangu alfajiri kumngoja perege mmoja, na wakimkosa hurudi Jumapili wakicheka.

Wakaketi. Adhuhuri ikapita. Alasiri, pazia la mwenyekiti likatikisika, likatulia, likatikisika tena. Mzee Chande akataka kuinuka.

Bi Zamoyoni akamshika mkono, macho yake hayabanduki dirishani.

"Tulia, bwana," alinong'ona. "Ndiyo kwanza anadonoa chambo. Usivute bado."