Mkanda wa Baba

Shule ya mjukuu wangu, Kidege, ni ya wasichana watupu, kwa hiyo kwenye mchezo wao wa jukwaani hata baba huigizwa na msichana. Mwaka huu baba aliigizwa na Kidege mwenyewe, kachorwa masharubu ya mkaa.

Mwanangu, baba mzazi wa Kidege, alikaa kando yangu akicheka mpaka machozi. "Mama, mwone anavyokohoa! Huyu mtoto ana vituko!"

Ndipo Kidege akavua mkanda wa suruali. Akauzungusha kiganjani mara mbili, taratibu, kama anayefunga kidonda, akaacha upande wa chuma uning'inie.

Ukumbi ulicheka. Mwanangu akakaa wima. Mkanda hushikwa vile nyumbani kwetu tu.

Msichana aliyeigiza binti alitakiwa kukimbia. Hakukimbia. Aliusogelea mkono wa Kidege wenye mkanda, akaushika.

"Nani kamfundisha?" mwanangu akaninong'oneza, meno yamebana.

Miaka yote hiyo, nikisikia mkanda wake chumbani kwa Kidege, nilikuwa naongeza sauti ya redio.

Mwanangu akainuka kuelekea jukwaani. Nikalikamata shati lake kwa mikono miwili.

"Kaa chini," nikamwambia, kwa sauti iliyomfikia Kidege.