Kwa Ajili ya Diwani Anshel

Kiganja cha mama Frumet kilitua pah! juu ya meza ya kusomea Torati, na msomaji akanyamaza katikati ya neno.

"Leo hapasomwi kitu," alisema, "mpaka nisikilizwe."

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mjini Zaborek, kama kwa Wayahudi wote wa Poland wakati ule, aliyedhulumiwa alikuwa na haki ya kusimamisha kisomo cha Sabato, na kisomo hakiendelei mpaka shauri lake lisikilizwe. Ila mwanamke kushuka kutoka roshani ya wanawake na kusimama mbele ya wanaume wote, hilo hata wazee walilisikia kwa kuhadithiwa tu.

Anshel Wajnryb, diwani, alikuwa ameketi mbele kabisa, kwenye viti vya waheshimiwa. Mgongo wote ulimlowa jasho. Alijua kilichomleta yule mama.

Kilikuwa kinasikika mpaka mle ndani. Mabata bukini yakipiga kelele, magari ya farasi, wakulima wakibishana bei. Soko. Tangu theluji iyeyuke, baraza la mji lilikuwa limelihamisha kutoka Alhamisi kwenda Jumamosi, siku ambayo Myahudi hashiki mizani. Frumet alikuwa mjane, muuza samaki wa chumvi. Mapipa yake yalikaa ndani yamefunikwa huku wateja wake wa miaka yote wakimpita mlangoni, wakienda kununua kwa wengine.

Hoja ilipita kwa kura moja. Kura zilikuwa za siri, lakini hesabu si siri: madiwani wote wa Kiyahudi wangekataa, isingepita. Basi yupo mmoja wao aliyeuza soko.

Huyo mmoja alikuwa Anshel. Meya alimnong'oneza habari za unaibu, naye akakunja karatasi yake, akaitumbukiza, akarudi nyumbani akala chakula cha jioni bila kuinua macho kumtazama mkewe. Haukupita muda akawa naibu wa meya. Dalili ya mvua ni mawingu. Mtaa mzima ukaanza kunong'ona, na salamu zikapungua.

Kisha wiki ile Frumet akamfuata ofisini.

"Bwana Anshel, mimi sijui siasa. Niambie tu. Ni wewe?"

"Mama, naapa kwa kaburi la baba yangu, si mimi."

Frumet alimtazama kitambo, akafuta mikono kwenye aproni yake, akaondoka bila kuaga. Tangu hapo Anshel hakupata raha. Kura aliweza kuitetea, siasa ni siasa. Lakini kaburi la baba! Hiyo ilimla usiku na mchana, na kila alipopita karibu na nyumba ya mjane yule alivuka kwenda upande wa pili wa barabara, yeye mtu mzima, naibu wa meya.

"Haya, mama Frumet," alisema Kalmen, msimamizi wa sinagogi, "sema upesi, kuna watu vyungu vyao vya maharage vimekaa motoni tangu jana. Shauri lako ni la nani?"

"Nimesimamisha kisomo kwa ajili ya Anshel."

Ukumbi ulivuma. Kutoka viti vya nyuma sauti ikasema, "Naibu, vua koti. Leo hayupo meya wa kukupepea." Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Nyamazeni," alisema Frumet. "Mimi si msemaji. Marehemu mume wangu angekuwepo angesema yeye. Lakini tangu nitoke ofisini kwake, usingizi sipati. Nimejiambia, Frumet, ukinyamaza na wewe ni mwenzao."

Akageuka kumtazama Anshel, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Anshel hakuweza kuyavumilia macho yale. Sasa hivi atalitaja kaburi, aliwaza, mbele ya wanangu, mbele ya watu waliomzika baba. Bora nijivue mwenyewe kuliko kuvuliwa. Akasimama, akiwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

"Mama, usijichoshe," alisema. "Ni mimi. Kura ile niliipiga mimi, nipate unaibu. Na pale ofisini nilikuapia uongo."

Kalmen aliketi taratibu. Mwana mkubwa wa Anshel aliinamia kitabu chake cha sala, hakuinua tena kichwa. Anshel naye alisubiri matusi ya Frumet. Aliyatamani hasa, maana alijua ni haki yake, na kwamba akishatukanwa labda ataweza kupumua.

Matusi hayakuja. Frumet aliuondoa mkono wake mezani. Uso ulikuwa umempauka, na alipofungua kinywa ilibidi waliokaa karibu wainamishe masikio.

"Nilikuja kuwashtaki hawa wote," alisema, "wanaokusingizia."