Serotonini ya Fundi Makochi

Mjinga wa siku ile alikuwa Fundi Makochi, na mwenyewe hilo halipingi. Aliingia kwa daktari wa ubongo akichechemea. Ubongo ukiumwa, mguu unachechemea kwa lipi? Lakini alitaka aonekane mgonjwa tangu mlangoni.

Mkewe, mwoka mikate, aliingia nyuma yake, unga ungali kwenye nyusi. Alikuwa na haraka. Mwenye kiwanda cha mikate alitaka jibu siku hiyohiyo: anakubali kuwa msimamizi wa zamu ya alfajiri, au nafasi apewe mwingine? Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo tangu mapacha wao wananyonya. Kizuizi kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimeketi pale kikijishika kichwa: mume asiyeamka asubuhi kuwaandaa watoto waende shule.

"Siyo kwamba sitaki, Mama Pacha," alikuwa amemwambia kwenye ngazi. "Ni serotonini. Imeniishia."

Neno hilo alilipata mwezi uliopita, kwenye jengo hilohilo, daktari alipokuwa akitafuta watu waliowahi kumeza vidonge vya disko, vile vya kulevya, ujanani ili awapige picha za ubongo. Daktari, mama mmoja mpole, aliwaeleza kwamba serotonini ni kemikali ya ubongo inayosaidia kuweka sawa furaha, usingizi na kumbukumbu. Vidonge vile huikamua kwa usiku mmoja, mtu akacheza kama hana mifupa. Aliyevimeza kwa miaka mingi anaweza kubaki na upungufu hata baada ya kuacha: usingizi wa mang'amung'amu, usahaulifu, moyo mzito usio na sababu.

Wenzake walisikiliza kwa hofu. Fundi alisikiliza kama mtu anayesomewa urithi.

Akapigwa picha. Mkewe naye akapigwa, maana daktari aliwataka wote wawili. Fundi akajua huyo ni wa kulinganishia tu, kama unavyoweka kitambaa kipya kando ya kilichochakaa ili mteja aone tofauti.

Majibu hakuyangoja. Kuanzia siku ile vyombo vilikaa bila kuoshwa kwa sababu ya serotonini. Mama mkwe hakusalimiwa kwa sababu ya serotonini. Mteja aliyekuja kudai kochi lake aliambiwa avumilie, fundi ana upungufu. Jumapili moja alishindwa kunyanyua jagi la maji; jioni, mpira ulipokaribia kuanza, aliibeba televisheni nzima peke yake akaihamishia dirishani ili ishike vizuri.

Mkewe hakubishana. Alicheka tu, tena kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyelazimika kukitafuta kicheko uvunguni kwanza. Majogoo walimkuta macho. Unga aliutia chumvi, kisha akauonja, kwa kuwa hakukumbuka kama ameutia. Fundi hayo hakuyaona. Kwa hesabu yake, nyumba moja haina nafasi ya wagonjwa wawili.

"Baba," daktari alianza, "hivyo vidonge ulivimeza kwa muda gani?"

"Miaka, daktari! Walikuwa wananiita Umeme. Kimoja tu, tayari nimekumbatia spika naiita shangazi. Muulize huyu, ndiye aliyekuwa mtunza hazina."

"Mtunza hazina?"

"Mlangoni mwa disko mabaunsa walikuwa wanapekua wanaume. Kwa hiyo vyote vilikaa kwake. Mimi nikifika ndani nafumba macho, naachama, ananiwekea ulimini. Mapenzi hayo, daktari! Siku hizi hayapo."

"Na yeye?"

"Huyu? Huyu wa kucheza tu! Ukumbi mzima umelala chini, yeye anacheza mpaka taa zinawashwa na wafagiaji wanaingia."

Daktari alimtazama mke. Mke alitazama viatu vyake.

Daktari akageuza kioo cha kompyuta. Palikuwa na picha mbili za ubongo, moja inang'aa kama jiji lenye umeme wa kutosha, nyingine imefifia huku na kule, mitaa mizima gizani.

"Penye mwanga ndipo serotonini inapofanya kazi vizuri," alisema. "Penye giza, imepungua. Mengi hurudi taratibu, lakini yanataka mapumziko na mtu wa kusaidia nyumbani."

Fundi hakumngoja amalize. Alichomeka kidole kwenye picha iliyofifia.

"Si nilisema? Tazama, Mama Pacha, tazama! Mtu mwenye giza lote hili utamwambia aamke alfajiri akachemshe uji? Pigia kiwanda simu. Waambie watafute mwingine."

Mke akatoa simu. Akabonyeza namba, taratibu.

"Baba," alisema daktari, "hiyo siyo yako. Yako ni hii inayong'aa. Kwa kuitazama, ningesema haijawahi kukutana na kidonge hata kimoja."

Fundi aliruka kitini kana kwamba amekalia sindano yake ya kushonea makochi.

"Mashine yako mbovu! Mimi? Umeme? Niliyekuwa nalia kwa furaha mpaka shati linaloa? Yaani nilikuwa naigiza? Mama Pacha, huyu hanijui! Mwambie wewe. Ulikuwa unanipa, hukuwa unanipa?"

Simu ilikuwa imeshapokelewa kiwandani. Mke aliifunika kwa kiganja.

"Nilikuwa nakupa vya maumivu ya kichwa, mume wangu. Vya disko nilimeza mimi, vyangu na vyako. Kesho amsha watoto."