Nukta ya Bibi

Kompyuta iliandika: "Tembo Bibi anatembea. Yu mzima." Tuliifundisha hivyo wenyewe: kola ya shingoni ikisogea, mnyama yu hai.

"Afadhali," mkuu wangu akashusha pumzi. "Bibi bado tunaye."

Lakini kwenye ramani nukta ya Bibi ilifuata barabara ya lami, ikapunguza mwendo penye matuta, ikakata kona.

"Mkuu, tembo gani huyu anayepunguza mwendo penye matuta?"

Akavua miwani taratibu. "Wamemuua. Kola imo garini."

Nukta ikasimama. Nikavuta karibu picha ya setilaiti: paa la bati lenye kiraka cha kijani. Kiraka hicho tulikipigilia mimi na kaka, mama akitushikia ngazi.

Mkuu alikuwa ameshawapigia askari. "Hapo ni kwa nani?"

"Kwetu."